Mguu wa Kushoto wa Tarishi

Kaka yangu anaitwa Kisigino, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa karakana, kwa sababu kila mguu ukimalizika, wengine wakiusifia umbo na rangi, yeye huugeuza akatazama kisigino. Anasema mtu hutua duniani kwa kisigino, hayo mengine ni mapambo. Ametengeneza miguu ya bandia miaka thelathini na mmoja katika karakana ya serikali iliyo nyuma ya hospitali ya mkoa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtengenezea ndugu yake, hadi ilipofika zamu yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nasema "ni" kwa mazoea.

Ajali yenyewe sina hamu ya kuisimulia. Lori lilirudi nyuma, mimi sikuliona, dereva hakuniona, na mguu wa kushoto ukaishia chini ya goti. Basi. Ninachotaka kusimulia ni siku kaka alipochukua umbo la kigutu changu. Alinizungushia bendeji ya plasta iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, halafu akaishika kwa viganja viwili ikauke. Kazi hiyo haina haraka. Tulikaa vile kama dakika kumi, ndugu wawili wenye mvi, yeye amepiga magoti, mimi natazama utosi wake ulioanza kupata upara.

"Kaka, umezeeka," nikamwambia.

"Usitikisike."

"Na masikio yako yameongezeka ukubwa."

"Nimesema usitikisike, mwalimu. Mguu ukitoka umepinda utaniambia nilikuwa nacheka."

Plasta ilipokauka aliivua taratibu, ikatoka kama kikombe kirefu kisicho na mkono. Ndani yake, baadaye, humiminwa plasta nyingine ya maji, ikiganda unapata kigutu kizima cheupe, na juu ya hicho ndipo huvutwa plastiki iliyotiwa moto. Akafunga kwenye kile kikombe changu kibati chenye namba kwa uzi mweupe, akakiweka kwenye rafu ya nyuma ya mlango. Namba yangu ilikuwa sitini na moja.

Sasa sikiliza hesabu, maana ndiyo iliyonitia wazimu. Karakana hutoa miguu ishirini na minne kwa mwezi. Kumi na minne ni ya kwetu. Kumi inakwenda nchi jirani, ambako vita vilikwisha zamani lakini mabomu yaliyofukiwa ardhini hayakuambiwa. Serikali yetu iliweka mkataba na serikali yao: wao huleta vikombe vya plasta ndani ya makasha, sisi tunatengeneza, lori linarudisha miguu kila mwisho wa mwezi. Ni msaada. Gharama ni kodi zetu. Na sitini na moja, kwa miguu kumi na minne kwa mwezi, ni mwezi wa tano, wakati shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki sita. Mwalimu Mkuu alikuwa ameniletea barua mwenyewe mpaka nyumbani, uso umemshuka. Mwalimu asiyeweza kusimama darasani siku ya kufungua shule atastaafishwa kwa sababu ya afya. Si yeye aliyetunga kanuni hiyo, alisema mara tatu, nami nikamjibu mara tatu kwamba najua.

Nilimwendea kaka nikiwa nimewaka.

"Kaka, hao wageni wamelipa kodi gani hapa?"

"Hawajalipa."

"Mimi nimekatwa miaka ishirini na sita, kila mwezi, kabla mshahara haujagusa mkono. Kwa hiyo nakaa nyuma yao kwa sababu gani?"

Alikuwa anapiga tupa kwenye kigutu cha mtu, vumbi jeupe limemjaa nyusi. Kaka si mtu wa mabishano. Ukimtupia neno, analiacha lianguke chini, analitazama, halafu anaendelea na kazi.

"Upo mguu unaoweza kuuvaa mwezi huu huu," akasema. "Sema tu ndiyo."

Nilijua anakokwenda. Kuna desturi pale karakana. Aliyevaa mguu akifariki, familia huurudisha. Ile sehemu ya juu, iliyofinyangwa kwa kigutu chake, haimfai mtu mwingine, lakini bomba la katikati na unyayo wa mpira bado ni vizima. Vinasafishwa, vinakaguliwa, vinawekwa kwenye kabati la chuma. Na hapo ndipo vinapobaki, kwa sababu watu wetu hawavitaki. Mtu atakaa kwenye foleni mwaka mzima kusubiri vifaa vipya kutoka bohari kuliko kukanyagia unyayo wa marehemu. Na mimi ni mtu wetu.

"Upo wa kushoto, saizi yako," kaka akaendelea. "Wa tarishi mmoja wa posta. Tulimbadilishia unyayo mwaka jana tu, Mungu amrehemu, hata hajaumaliza."

"Nivae mguu wa maiti?"

"Maiti haulizwi sanda, sembuse mguu."

"Kaka, mimi nina watoto arobaini na tano darasani. Nikiingia na mguu wa marehemu watalala vipi?"

"Nani atawaambia?"

"Mimi nitajua."

Hakunibembeleza. Alirudi kwenye tupa yake, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika zaidi kwa kuwa hakuniomba mara ya pili.

Chini ya nyumba ninayopanga kuna duka, na mwenye duka ndiye mwenyekiti wa mtaa. Redioni kila siku walikuwa wanabishana, msaada kwa nchi jirani uendelee au usimame, na mbunge alikuwa ameahidi kuja kusikiliza maoni. Mwenyekiti akaandika waraka: sisi wenyewe kwanza. Alikuwa na msemo wake, "Huwezi kumfunika shuka mtoto wa jirani na wako anatetemeka," na aliusema kwa kila aliyenunua sabuni. Akaniomba nisimame siku ya mkutano nizungumze kwa niaba ya mtaa.

"Mwalimu, wewe huhitaji hata hotuba," alisema. "Ukisimama tu inatosha."

Nilikubali. Na sikukubali kwa unafiki. Niliamini kila neno la waraka ule, na baadhi yake naliamini hadi leo.

Lakini mkutano ulikuwa mbali, na waraka hauna miguu. Nikafanya nilichofanya.

Ilikuwa mchana, nimempelekea kaka chakula alichopika wifi. Alikwenda bombani kunawa plasta mikononi, na kunawa kwa kaka ni ibada, hawahi kurudi. Nilikuwa peke yangu na rafu mbili. Vikombe vya nchi jirani, vyenye uzi mwekundu, viko dirishani. Kila kimoja kina karatasi ndogo. Nilisoma kama ninavyosoma daftari za wanafunzi, haraka na kwa kutafuta kosa. Namba kumi na tisa. Mwanamke. Kushoto, chini ya goti. Mshonaji. Kikombe chake na changu ungesema vimetoka tumbo moja. Nilibadilisha vibati, nikabadilisha nyuzi, nikakiweka cha kwangu dirishani na cha kwake nyuma ya mlango. Nimekamata watoto wengi wakinakili mitihani, kumbe nilikuwa napokea mafunzo.

Mpango wangu ulikuwa hivi: mguu ukishatoka, nitamwambia kaka. Atakasirika, sawa, lakini plastiki imekwisha kufuata kigutu changu. Atafanya nini, autupe? Na huyo mshonaji naye atatengenezewa, kwa namba yangu, mwezi wa tano. Nilijiambia kwamba kushona hufanywa kwa kukaa.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa tisa. Siku ya tisa, Jumanne, kaka alinipigia simu. "Njoo ujaribu mguu," akasema, akakata.

Nilifika nikijifanya nashangaa. Alinivalisha soksi ya pamba kwenye kigutu, akakisukuma ndani ya mguu polepole, akanisimamisha kati ya vile vyuma viwili ambavyo watu hushikilia wakijifunza. Nikasimama. Jamani. Miezi mitatu nilikuwa naitazama dunia kutoka kwenye kiti, au nikiwa nimening'inia kwenye magongo kama nguo iliyoanikwa. Sasa nilikuwa na urefu wangu. Nilipiga hatua moja, ya pili, nikafika mwisho wa vyuma, nikageuka. Hakuna palipouma. Nilicheka kwa sauti.

Kaka alikuwa chini, amelaza shavu karibu na sakafu, anatazama kisigino kinavyotua.

"Unakwenda vizuri," akasema. Halafu, bila kuinuka: "Tarishi naye alikuwa anakwenda vizuri."

Sikuelewa mara moja.

"Unafikiri ile kumi ya msaada tunaitengeneza kwa vifaa gani?" akasema. "Vifaa vipya vya bohari ni vyenu. Vinahesabiwa. Ya kule tunaifunga kwa vitu vya kabatini. Tuliwaandikia tukawaambia wazi, hivi vilivaliwa na watu na watu hao wamekufa. Fundi wao akajibu siku hiyo hiyo: leteni. Huyu tarishi ulimkataa, nikampangia kumi na tisa."

Nilitaka kuuvua palepale. Nilihisi kama mtu mwingine amesimama ndani ya sketi yangu. Kisha nikasikia ile sehemu nyingine ya maneno yake.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilikushika dakika kumi, mdogo wangu. Siku nilipomimina plasta na kuigusa mara ya kwanza nilijua. Hata ungenifunga macho ningejua."

"Na ukatengeneza."

Aliketi kwenye benchi. Kaka yangu ana mikono mikubwa isiyojua pa kukaa ikiwa haina kifaa. Aliiweka magotini.

"Nilitengeneza," akasema. "Kila siku nilisema leo nitakuita nikugombeze. Halafu nakukumbuka ukiwa umekaa kwenye kile kiti, shule inafunguliwa, nasema ngoja kesho. Sasa Alhamisi lori linaondoka, na fomu inataka sahihi yangu kwamba mguu namba kumi na tisa ni wa mtu wa namba kumi na tisa. Unyayo mwingine wa kushoto wa saizi hii kabatini hakuna. Nimetafuta. Kama ukibaki nao, nitatia sahihi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sikuwahi kuyaona hivyo tangu tulipomzika mama. "Siwezi kukuvua. Nimejaribu siku tisa, nimeshindwa. Amua wewe."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mguu ule ule niliombwa niuvae kwa halali, nikaukataa, nikaja kuuiba kwa mtu ambaye hakuuonea kinyaa.

Nilitembea tena mpaka mwisho wa vyuma, nikarudi. Nilitaka kuuhisi mara moja nyingine. Ningependa kusema kwamba nilimfikiria mshonaji, watu wangenipenda zaidi. Sikumfikiria. Sikumjua. Nilichokifikiria ni kaka akiinama kwenye ile fomu na kalamu yake ya wino wa bluu, anaandika uongo kwa ajili yangu, kisha anarudi kwa wifi na kula chakula cha jioni kimya. Nikakaa, nikauvua.

"Fungua bomba la tarishi," nikamwambia. "Una siku mbili."

Aliufungua kwa ule ufunguo wake mdogo wa pembe sita. Sehemu ya juu, ile ya umbo langu, alinipa nishike mapajani. Kisha akaenda nyuma ya mlango akakitoa kikombe cha mshonaji, akaanza kukoroga plasta, nami nikakaa pale hadi saa ya kufunga kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Alipovunja kikombe na kutoa kigutu cheupe, alinipitishia nikishike. Kilikuwa bado na joto la plasta. Pembeni palikuwa na alama za nyuzi za kidonda chake, zimeshonwa vibaya, kwa haraka, na mtu ambaye nadhani hakuwa na taa nzuri. Hapo ndipo nilipomfikiria.

Jumamosi ukumbi wa kata ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakakaa madirishani. Mbunge alikuwa mbele na chupa yake ya maji. Mwenyekiti aliusoma waraka, akapigiwa makofi, akaniita. Alifikiri mambo ni yale yale. Sikuwa nimemwambia, niliogopa atanizuia. Nikasimama na magongo yangu na makofi yakaongezeka kabla sijafungua mdomo.

Nikawaambia. Kwamba miguu inayopelekwa nje ni ile ya wazazi wetu na waume zetu tuliyoirudisha wenyewe na kuikataa wenyewe. Kwamba hata mimi niliikataa. Kwamba nilibadilisha vibati na kuiba zamu ya mwanamke mmoja mshonaji, na nimeirudisha juzi, na haikuwa kwa wema.

"Kwa hiyo Mwalimu," mbunge akauliza, amekunja uso, "unashauri msaada uendelee au usimame?"

"Mheshimiwa, unanitaka nijibu swali lako au langu?"

Watu wakacheka kidogo.

"Langu ni hili. Plastiki inanunuliwa kwa kodi yangu, na lori, na saa za fundi. Hilo ni kweli, na mtu akiniambia nisiulize nitamshangaa. Mmeniweka miezi mitano kwa sababu karakana ina mafundi wawili tu. Waongezeni, nitawasumbua hadi muwaongeze. Lakini msinitumie mimi kusema mgeni kanivua mguu wangu. Mgeni hajanivua. Huo mguu ulikuwa kabatini, na tukiwanyima utarudi kabatini, nasi tutabaki kwenye foleni ile ile tukiwa na kabati limejaa. Kama huo ndio ushindi, mimi mnitoe."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba nimehongwa, mwingine akamwambia anyamaze, na sauti moja ya kike ikauliza, "Na huyo fundi hakuona? Aliibiwaje mchana kweupe?"

Nilikuwa tayari na jibu. Nilipanga kusema hapana, hakuona, ni mzee. Sikulisema. Kiti kiligongwa kule nyuma, nikamwona kaka amesimama, na shati lake la kwendea misibani. Kaka hajawahi kuzungumza mbele ya watu. Siku ya harusi yake alimwomba mjomba ashukuru kwa niaba yake.

"Niliona," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Ni dada yangu." Akatafuta neno jingine, hakulipata, akakaa.

Mbunge aliandika kwamba maoni yamegawanyika, na nadhani yamegawanyika hadi leo. Kaka alipata barua ya onyo kutoka kwa mkuu wa hospitali, ya kwanza katika maisha yake, akaiweka kwenye droo pamoja na vyeti.

Siku ile ya mkutano tulirudi nyumbani kwa miguu, wifi ametangulia. Kaka alipunguza mwendo ulingane na magongo yangu.

"Nimekuaibisha, Kaka."

"Umeniaibisha," akakubali.

"Sasa?"

"Sasa unaegemea sana gongo la kulia. Bega litakuuma. Simama nikupunguzie urefu wake tundu moja." Akapiga magoti palepale barabarani, watu wakitupita.

Jumatatu nilikwenda shule kwa magongo. Nilivaa sare ya walimu, niliinyoosha mwenyewe. Mwalimu Mkuu alinipokea ofisini, akafunga mlango, akatoa barua iliyokuwa tayari imepigwa muhuri. Aliisoma kwa sauti kwa sababu kanuni inataka isomwe, na alipofika kwenye miaka ishirini na sita akashindwa, nikammalizia mimi. Nje watoto walikuwa mistarini wanaimba. Sikuwaaga. Nilipita nyuma ya jiko la shule nisionekane, nikatokea kwenye geti dogo.

Kaka alikuwa pale, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, na vumbi la plasta kwenye viatu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Aliiona barua mkononi mwangu, akaichukua, akaikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni mwake. Akanisogezea nafasi nikakaa. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, na nikamwambia naogopa nikianza kulia hapo njiani sitaacha.

"Lia tu, mdogo wangu," akasema. "Nimeomba ruhusa ya siku nzima."